Je, Wajua? Gemu ya 1994 Inavyoitoa Simu Jasho

Je, wajua kwamba PlayStation ya kwanza, ile iliyoingia madukani Japani tarehe 3 Desemba 1994, ilikuwa na prosesa ya megahezi 33.87 na RAM ya megabaiti 2 basi? Simu ya bei ya kawaida inayouzwa leo Kariakoo au Luthuli Avenue ina prosesa ya megahezi 2,000 na RAM ya gigabaiti 4, yaani kumbukumbu mara elfu mbili ya ile. Kwa hesabu hiyo mechi imeisha kabla ya filimbi. Mbona basi Tekken 3 inakatakata mkononi mwako?

Kwa sababu simu haichezi gemu. Simu inaendesha emuleta, na emuleta ndiyo inayojifanya PlayStation. Inasoma amri ya prosesa ya zamani, inaigeuza iwe amri ambayo prosesa ya simu inaielewa, inaitekeleza, na papo hapo inaigiza chipu ya picha, chipu ya sauti na kisomaji cha CD, vyote vikifuata saa moja bila kimoja kukitangulia kingine. Amri moja ya mwaka 1994 inaweza kula amri kumi za leo, na wakati mwingine zaidi.

Je, wajua kwamba wingi wa viini vya prosesa hausaidii sana hapa? Boksi la simu linajisifu viini vinane. MediaTek Helio G85, iliyomo kwenye simu nyingi za bei nafuu, kweli ina vinane, ila vyenye nguvu ni viwili tu, aina ya Cortex-A75. Sita vilivyobaki ni Cortex-A55, vya kuokoa chaji. Emuleta ya PlayStation au PSP hufanya sehemu kubwa ya kazi yake kwenye kiini kimoja au viwili, maana amri ya pili mara nyingi inangoja jibu la ya kwanza. Ukinunua simu kwa ajili ya gemu, muulize muuzaji kiini kikubwa ni cha aina gani. Helio G99 nayo ina vinane, vikubwa viwili vilevile, lakini vyake ni Cortex-A76 vya megahezi 2,200, na tofauti utaiona dakika ya kwanza.

Je, wajua kwamba ulaini wa gemu ni suala la kuwahi, si la kukimbia? TV za Marekani na Japani za enzi hizo zilibadilisha picha takriban mara 60 kwa sekunde, kwa hiyo emuleta ina milisekunde 16.7 za kuandaa kila fremu. Ikimaliza kwa milisekunde 5, haipati zawadi yoyote. Inakaa kusubiri zamu. Ikitumia milisekunde 18, fremu imechelewa na jicho limeshaona. Ndiyo maana wastani hudanganya. Simu inayotoa kila fremu kwa milisekunde 15, fremu baada ya fremu, hucheza vizuri kuliko simu ya bei mbaya inayotumia milisekunde 6 halafu kila baada ya muda inashikwa na kwikwi ya milisekunde 40. Karibu kila setingi nitakayoitaja hapa chini inahusu kuondoa hiyo kwikwi.

Wajua pia kwamba namba ndogo ya fremu si lazima iwe ugonjwa? PPSSPP, emuleta ya PSP iliyotolewa Novemba 2012 na Henrik Rydgård, mmoja wa walioanzisha Dolphin ya GameCube, inaweza kukuonyesha kitu kama 30/60 (100%) pembeni mwa skrini. Vijana wengi wakiona 30 wanaanza kuvuruga setingi. Namba ya kutazama ni ile asilimia. GTA: Liberty City Stories iliandikwa kwa fremu 30 na haitapita hapo kwa kawaida. The Legend of Zelda: Ocarina of Time ya Nintendo 64, mwaka 1998, ilikuwa inakwenda fremu 20 kwenye mashine yenyewe, na watu wakaiita gemu bora ya karne. Asilimia 100 maana yake mashine ya zamani inakwenda mwendo wake halisi. Ikishuka hadi 85, hapo ndipo una kesi.

Je, wajua kwamba huenda umekuwa ukicheza gemu iliyopunguzwa mwendo tangu utoto? Umeme wetu ni wa hezi 50, na Kenya na Tanzania zilitumia mfumo wa TV wa PAL, kama Uingereza, wenye picha 50 kwa sekunde. Gemu nyingi za Japani zilipopelekwa nchi za PAL hazikuandikwa upya. Zilipunguzwa mwendo tu, na moja ya sita ya kasi ikapotea. Sonic the Hedgehog ya 1991 ni mfano maarufu: Sonic anakimbia polepole na muziki wake unaburuzika. Emuleta inatii faili uliloipa. Ukiipa la PAL, linakwenda 50, hata kama simu yako ni ya milioni mbili.

Kwa PlayStation, dalili iko kwenye namba ya diski. Ikianza na SLES au SCES, hiyo ni ya Ulaya, fremu 50. SLUS na SCUS ni za Marekani, SLPS na SLPM ni za Japani, zote fremu 60. Badilisha toleo kabla hujagusa setingi hata moja. Kwa PSP usihangaike: skrini yake ilikuwa ndani ya mashine na ilikwenda takriban hezi 60 popote ilipouzwa.

Je, wajua kwamba skrini ya hezi 90, ile wanayoisifia kwenye mabango, inaweza kuiharibu gemu ya zamani? Hesabu ni hii. Skrini inajichora mara 90 kwa sekunde, gemu inatoa fremu 60. Tisini gawa kwa sitini ni moja na nusu, na hakuna nusu ya kuonyesha. Basi fremu ya kwanza inaonyeshwa mara moja, ya pili mara mbili, ya tatu mara moja, ya nne mara mbili. Moja inakaa machoni milisekunde 11, nyingine 22. Kihesabio kinasema 100%, sauti iko safi, lakini kamera ikizunguka uwanja wa mpira unaona nyasi zinatetemeka. Watu wanalaumu prosesa bure. Nenda kwenye setingi za skrini, toa hezi 90, weka 60. Skrini ya hezi 120 haina tatizo hili kwa sababu kila fremu inapata zamu mbili kamili.

Na wajua kwamba hata 60 kwa 60 si sawasawa? Famicom ya Nintendo, iliyotoka Julai 1983 na ndiyo babu wa zile TV gemu za kaseti zilizojaa mitaani kwetu, katika toleo lake la NTSC, ule mfumo wa TV wa Marekani na Japani, ilikuwa inatoa fremu 60.0988 kwa sekunde. Game Boy ilitoa 59.73. Kwenye simu ya hezi 60 kamili, ya kwanza inabidi itupe fremu moja kila baada ya sekunde kumi, na ya pili irudie moja kila baada ya sekunde nne hivi. RetroArch, programu inayokusanya emuleta nyingi mahali pamoja, inalimaliza hili kwa ujanja: inaifanya gemu ifuate skrini, kisha inaivuta sauti kidogo mno, kisichozidi nusu asilimia, ili isiachwe nyuma. Sikio la kawaida haligundui.

Je, wajua kwamba kuna gemu zilizozaliwa nzito? Gradius III ya Konami kwenye Super Nintendo hulemewa risasi zikijaa skrini, na emuleta nzuri itakuigizia ulemavu huo kwa uaminifu wote. Vilevile picha zinazopepesa kwenye gemu za Famicom: chipu yake ya picha ilimudu vitu vinane tu vinavyotembea kwenye mstari mmoja wa skrini, cha tisa kikatoweka. Watengenezaji wakawa wanavizungusha kwa zamu, huyu aonekane fremu hii, yule fremu ijayo. Emuleta nyingi zina setingi ya kuondoa kikomo hicho.

Uzito mwingine uligeuka utamu. Katika Space Invaders ya 1978, Tomohiro Nishikado aliona wavamizi wanaongeza kasi kadiri wanavyouawa. Prosesa ya Intel 8080 ilikuwa na wachache zaidi wa kuchora, basi. Akaiacha hivyo, na hali hiyo ndiyo iliyowakimbiza mapigo ya moyo wachezaji.

Je, wajua kwamba Nokia uliyochezea nyoka na Game Boy Advance zilikuwa ndugu? Nokia 6110 ya 1997, simu ya kwanza kuja na gemu ya nyoka aliyoiandika Taneli Armanto, ilitumia kiini cha ARM7TDMI. Game Boy Advance ya 2001 ilitumia hichohicho, kwa megahezi 16.78. Simu janja ya leo nayo ni ya ukoo wa ARM. Hata hivyo emuleta bado inahitajika, maana gemu inatafuta skrini, vitufe na kaseti mahali ambapo kwenye simu havipo. Game Boy Advance ni mashine ya kuanzia kwa mwenye simu dhaifu: skrini yake ni nukta 240 kwa 160, na simu ya bei ya chini kabisa huimudu.

PlayStation, PSP na Nintendo 64 ni ukoo mwingine, MIPS, na hapa ndipo kazi inapokuwa nzito. Emuleta ya kisasa haitafsiri amri moja moja kila inapokutana nayo. Inachukua kipande kizima cha programu, inakitafsiri chote kuwa lugha ya ARM, inakihifadhi, na kikirudi tena inakitumia kilekile. Kwenye setingi utaona herufi JIT, au neno dynarec. Ikiwa imezimwa, na kuna watu huizima kwa kujaribujaribu, gemu itatambaa. Ni jambo la kwanza la kukagua.

Je, wajua kwamba iPhone yenye prosesa kali inaweza kuwa na shida zaidi kuliko Android ya bei rahisi? Hadi Aprili 2024 Apple haikuruhusu kabisa emuleta za gemu za zamani kwenye duka lake. Ilipofungua mlango, Delta iliingia mwezi huohuo na PPSSPP ikafuata Mei. Lakini JIT bado imekatazwa kwa programu za dukani. PPSSPP inamudu kwa sababu prosesa za iPhone zina nguvu za ziada. Watu wa Dolphin walisema wazi kwamba bila JIT hawapeleki GameCube huko.

Sasa tuje kwenye setingi ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo inayoua simu nyingi kuliko zote.

Je, wajua kwamba skrini ya PSP ilikuwa nukta 480 kwa 272? Kwenye PPSSPP kuna sehemu ya kuchagua ukali wa picha: 1x, 2x, 3x, na kuendelea. Mtu anaona 5x, anafikiri ni bora, anaibonyeza. Kumbuka namba ile inazidishwa pande zote mbili. 2x ni nukta mara 4. 3x ni mara 9. 4x ni mara 16, yaani 1920 kwa 1088. Sasa simu nyingi za bei nafuu zina skrini ya 1600 kwa 720. Ukiweka 3x unapata 1440 kwa 816, ambayo tayari imezidi kimo cha skrini yako. Kila kitu juu ya hapo chipu inakichora, halafu inakifinya kirudi kidogo ili kitoshe. Faida yake machoni ni ndogo. Jasho lake ni kubwa. Kwa skrini ya 720, anza na 2x. Umbali wa mkono kutoka usoni, wengi hawataona tofauti na 3x wakiwa wanacheza, wataiona wakisimamisha gemu na kukodoa macho.

Na ukitaka kujua kama mkosaji ni picha au prosesa, kuna jaribio la nusu dakika. Shusha hadi 1x katika eneo linalokwama. Ikilainika, chipu ya picha ndiyo iliyokuwa inazidiwa, na una nafasi ya kucheza na setingi za picha. Isipobadilika, prosesa ndiyo imefika mwisho, na hakuna setingi ya picha itakayokuokoa. Ajabu ni kwamba watu huhangaika wiki nzima bila kulifanya jaribio hili.

Je, wajua kwamba setingi ya kubadilisha kasi ya prosesa ya PSP inafanya kinyume cha wanachodhani wengi? Ile haiongezi kasi ya simu. Inaongeza kasi ya PSP inayoigizwa, kwa hiyo simu inapata kazi zaidi. PSP yenyewe ilifungwa kwenye megahezi 222 hadi Sony ilipoachia 333 mwaka 2007, na God of War: Chains of Olympus ya 2008 ikawa miongoni mwa zilizofaidi. Ndiyo maana gemu hiyo hupiga simu mieleka hadi leo. Iache setingi hiyo ilivyo, isipokuwa unajua unachotafuta.

Kuruka fremu nako kuna adabu yake. Setingi hiyo inaiambia emuleta isichore baadhi ya fremu ili mwendo usishuke. Kwenye mpira inavumilika. Kwenye gemu ya ngumi, ambako pigo zima ni fremu chache, utapigwa na kitu ambacho hukukiona.

Je, wajua kwa nini gemu hukwama mara ya kwanza tu mlipuko unapotokea, halafu milipuko inayofuata inapita salama? Chipu ya picha ya simu inahitaji kijiprogramu kidogo, sheda, cha kuielekeza namna ya kuchora kila aina ya kitu. Gemu ya zamani haikuja na sheda za simu yako. Emuleta inazitengeneza papo hapo, na kutengeneza moja kunaweza kula muda wa fremu kadhaa. Ikishatengenezwa inatunzwa kwenye kashe. Dolphin ndiyo iliyoteseka zaidi na hili, hadi mwaka 2017 wenyewe walipotoa dawa: sheda moja kubwa mno inayoiga chipu nzima ya GameCube, itumike kwa muda wakati ile ndogo inapikwa pembeni. Kwa mchezaji wa kawaida maana yake ni mbili. Usihukumu gemu kwa dakika tano za mwanzo. Na usifute kashe ya emuleta eti unaisafisha simu. Unajirudishia kwikwi zilezile.

Vulkan au OpenGL, zile njia mbili za emuleta kuongea na chipu ya picha? Jaribu zote mbili, dakika tano tano, eneo lilelile. Vulkan, iliyotoka Februari 2016, kwa kawaida hushinda kwenye simu za miaka ya karibuni. Kwenye simu za zamani zenye chipu za Mali matokeo hugeuka mara nyingine, kwa sababu ya draiva. Wenye Snapdragon wana bahati yao: chipu zake za Adreno zina draiva huria iitwayo Turnip, na baadhi ya emuleta zinakuruhusu kuiweka ndani ya emuleta yenyewe bila kugusa mfumo wa simu. Wenye Mali hawana kitu kama hicho, na kuna video nyingi mtandaoni zinazowadanganya kwamba wanacho.

Je, wajua kwamba simu huanza mchezo na nguvu ambayo haiwezi kuishikilia? Haina feni. Joto likipanda, mfumo unapunguza kasi ya prosesa wenyewe, kimyakimya, na gemu iliyokuwa laini dakika kumi za kwanza inaanza kukohoa. Wale wanaoonyesha setingi zao kwenye video fupi hawafiki dakika hiyo ya kumi na moja. Nubia walitoa Red Magic 3 mwaka 2019 ikiwa na feni ndani, ya kwanza ya aina yake. Sisi wengine tuna njia za kawaida: vua kava, punguza mwanga wa skrini, usicheze huku simu ikiwa kwenye chaji, kwani betri inayochajiwa nayo ni jiko. Zima hali ya kuokoa betri, maana hiyo inabana prosesa hata kabla ya joto. Na tafadhali usiiweke simu kwenye friji. Wapo wanaofanya. Ukiitoa, unyevu wa hewa ya Dar au Mombasa unageuka maji ndani yake.

Dawa yangu mimi ni kushusha ukali wa picha hatua moja chini ya kile simu inachoweza. Kama 3x inakwenda 100% ikiwa baridi, cheza kwa 2x.

Je, wajua kwamba sikio hugundua kasi ikishuka kabla ya jicho? Sauti ya PlayStation ni sampuli 44,100 kwa sekunde, yaani 735 kwa kila fremu. Fremu ikichelewa, kibakuli cha sauti, yaani akiba ya sampuli zinazosubiri zamu, kinakauka na unasikia mkwaruzo. Sauti ikianza kukwaruza huku picha ikionekana sawa, ujue uko ukingoni. Unaweza kukiongeza kibakuli hicho kwenye setingi, lakini sauti itakuwa inafika imechelewa kidogo.

Na vipokea sauti vya Bluetooth? Kwa kawaida huchelewesha sauti kwa zaidi ya sehemu ya kumi ya sekunde, yaani fremu sita na zaidi. Unapiga shuti, mpira uko wavuni, ndipo unasikia kishindo. Tumia vya waya.

Je, wajua kwamba memori kadi ya bei kubwa haiongezi fremu? CD ya PlayStation ilisomwa kwa kilobaiti 300 kwa sekunde. Kadi ya Class 10 imeahidi megabaiti 10, zaidi ya mara thelathini. Kadi feki ni habari nyingine. Ukitaka kubana nafasi, geuza diski zako kuwa CHD, umbo lililotoka kwa watu wa MAME, emuleta ya mashine za arcade: linapunguza ukubwa bila kutupa hata biti moja, na PPSSPP nayo inalisoma siku hizi.

Ile RAM ya nyongeza inayokopwa kutoka kwenye hifadhi ya simu haina msaada wowote hapa. PSP ya kwanza ilikuwa na RAM ya megabaiti 32.

Je, wajua kwamba hakuna PES 2025 ya PSP? Konami waliishia na PES 2014, na PSP yenyewe Sony waliacha kuisambaza mwaka 2014. Lile faili linalozunguka WhatsApp na Telegram likiwa na jezi za msimu huu ni gemu ya zamani iliyovishwa nguo mpya, na kazi ya hao mafundi wa jezi naiheshimu. Wapo wanaoweka hadi timu za nyumbani. Lakini nguo hizo mara nyingi ni picha kubwa kuliko za asili, zinazochukuliwa nje ya faili la gemu, na simu ya RAM ndogo inazipakia katikati ya mchezo. Ndiyo ile kwikwi unayoipata kamera ikimvuta mfungaji karibu. Zima setingi ya kubadilisha picha uone. Uso wa mshambuliaji utarudi kuwa wa mtu mwingine, ila mpira utateleza.

Je, wajua kwamba PlayStation 2 ilibeba PlayStation ya kwanza tumboni? Prosesa ileile ya 1994 iliwekwa ndani yake kushughulikia vitufe, diski na sauti, na gemu za zamani zilipowekwa ikarudia kazi yake ya kwanza. Pembeni yake kulikuwa na prosesa kuu ya megahezi 294.9, vitengo viwili vya hesabu za vekta na chipu ya picha, vyote vikipigiana kelele kwa wakati mmoja. Ndiyo sababu GTA: San Andreas ya PS2 inasumbua simu ambayo PSP haiisumbui hata kidogo. AetherSX2, emuleta ya PS2, ilipotoka Desemba 2021 ilishauri simu ya kiwango cha Snapdragon 845, na ushauri huo bado ni mzuri. Mwandishi wake, anayejulikana kwa jina la Tahlreth, aliacha kazi Januari 2023 baada ya kutishiwa, hadi kutishiwa kuuawa, na watu waliokuwa wakiitumia programu hiyo bure. NetherSX2 iliyofuata ni viraka vilivyoshonwa juu ya kazi yake.

Kuhusu sheria, kwa kifupi. Sony iliishtaki Connectix kwa emuleta ya PlayStation ya kompyuta za Mac, na Februari 2000 mahakama ya rufaa ya Marekani ikaipa ushindi Connectix: kuichunguza mashine ili kuunda emuleta si wizi. Uamuzi huo ukawa msingi wa yote haya. Gemu zenyewe na BIOS, ile programu ya ndani ya mashine, bado ni mali ya wenyewe, na unayetakiwa kuzitoa kwenye diski na mashine yako ni wewe. Na ushindi ule si kinga ya kila kitu: waliotengeneza Yuzu, emuleta ya Switch, walikubali kuilipa Nintendo dola milioni 2.4 Machi 2024.

Je, wajua kwamba kuna aliyesema Super Nintendo ya megahezi 3.58 inahitaji kompyuta ya megahezi 3,000? Alikuwa mwandishi wa emuleta ya bsnes, aliyetumia jina byuu, na aliyasema mwaka 2011 akiwa hana mzaha. Alitaka kila mpigo wa saa uigizwe, hakuna njia ya mkato. Mfano wake mmoja ulikuwa Speedy Gonzales: Los Gatos Bandidos, ambayo kwenye emuleta za haraka ilikuwa inaganda ukikanyaga swichi fulani karibu na mwisho, na hakuna aliyejua kwa nini hadi uigizaji ulipokuwa kamili. Simu yako haitumii njia yake. Emuleta ya Snes9x inakata kona mahali salama na karibu gemu zote zinacheza vizuri. Ila gemu moja ikigoma mahali palepale kila siku, usiongeze setingi. Badilisha emuleta.

La mwisho ni kwa wenye simu kali tu. Je, wajua kwamba emuleta inaweza kuitikia kidole haraka kuliko gemu yenyewe ilivyoandikwa? Gemu nyingi za zamani zilikuwa na uzito wa ndani: unabonyeza kuruka, na mhusika anainuka fremu mbili baadaye. Tangu 2018 RetroArch ina setingi ya kutangulia. Inahifadhi hali ya gemu, inakimbia mbele fremu hizo mbili huku ikijua umebonyeza nini, inakuonyesha matokeo, halafu inarudi nyuma na kuendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Inafanya hivyo kwa kila fremu. Maana yake kazi ya kuigiza inafanywa mara tatu ndani ya zile milisekunde 16.7, kwa hiyo kwa Famicom, Game Boy na Super Nintendo iwashe, anza na fremu moja. Kwa PlayStation kwenye Helio G85, usiiguse.